Kwa Nini Nilirudi Dodoma: Mwaka Wangu wa Kufundisha Kiswahili Berlin

Najua wengi mmekuja hapa kutafuta umbea wa mastaa, na umbea upo huko chini kidogo, msikimbie. Lakini leo naandika ya kwangu, maana tangu nirudi inboksi yangu imejaa swali moja tu lililoandikwa kwa namna hamsini: "We dada, ulifika Ujerumani, ukakaa mwaka mzima, halafu ukarudi Dodoma. Uko sawa kweli?"

Niko sawa. Ila kwanza niondoe uongo unaozunguka Nkuhungu mpaka Area C. Sikuolewa na mzungu. Sikufukuzwa. Na sikwenda kwa sababu nina digrii, kwa kuwa sina. Nina cheti cha kidato cha nne cha shule ya kata, daraja la tatu, ambalo mama yangu alilitangaza mtaa mzima kama vile nimeongoza taifa. Niliondoka Septemba 2023 kupitia mpango wa kujitolea unaogharamiwa na serikali ya Ujerumani, unaitwa weltwärts. Ulianza 2008 kwa ajili ya vijana wa Kijerumani kuja nchi kama yetu, ndiyo wale watoto wa kizungu wenye mabegi makubwa mnaowaona wakihangaika na makonda. Mwaka 2013 wakaongeza upande wa pili, na sisi twende kwao. Unapewa pa kulala, bima ya afya, masomo ya Kijerumani na hela ya matumizi madogo. Nasisitiza, matumizi madogo. Wajomba zangu hawajaielewa hiyo sentensi mpaka leo.

Mchongo niliupataje? Nilikuwa nafundisha wageni Kiswahili hapa hapa mjini. Ilianza na binti mmoja wa kujitolea aliyepanga jirani na kwetu. Alikuwa ananunua nyanya soko la Majengo kwa bei ambayo hata muuzaji anaona haya kuipokea. Nikamfundisha kuhesabu na kusema "nipunguzie, dada yangu". Akaleta mwenzake. Mwenzake akaleta daktari aliyekuwa anafanya kazi Mvumi na kushuka mjini Jumamosi. Hivyo hivyo, mpaka nikawa na daftari la majina na bei maalumu, elfu tano kwa saa. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa nawatembeza sokoni, nawapandisha bajaji, nawaacha waulize njia wenyewe mimi nimesimama pembeni nacheka. Yule binti wa kwanza ndiye aliyenitumia tangazo la kwenda kwao.

Sasa Berlin. Kituo nilichopangiwa kilikuwa upande wa Wedding, na huko kuna kitongoji kizima wanakiita Mtaa wa Kiafrika. Nilipotoka siku ya kwanza nikaona kibao Tangastraße. Nikaendelea, Sansibarstraße. Nikaendelea, Ugandastraße. Nikampigia mama, nikamwambia nimefika Ulaya lakini nimetokea Tanga. Alicheka sana. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba majina yale hayakuwekwa kwa mapenzi, yaliwekwa kwa fikra za kikoloni, kama mtu anavyoandika jina lake kwenye ndoo asiibiwe. Kulikuwa na barabara ya Petersallee, na wengi wenu mlisoma darasani kwamba Karl Peters huyo ndiye aliyeitwa Mkono wa Damu. Sisi Wagogo tuna la kwetu naye, maana mwaka 1890 akirudi pwani alipita Ugogo akipigana na mababu zetu na kuchoma vijiji. Nilikuwepo tarehe 23 Agosti 2024 walipoibadilisha jina. Kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee, kingine kimepewa jina la mama wa Namibia, Anna Mungunda. Na kule Neukölln kuna mtaa uliokuwa unaitwa kwa jina la gavana Wissmann, tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya Lucy Lameck wetu. Nilipiga picha pale na kofia ya sufi, ndiyo ile picha mliyoandika chini yake "dada umeng'aa". Hakuna hata mmoja aliyeuliza kibao kinasema nini.

Kazini asubuhi nilikuwa na watoto wadogo, jioni na Jumamosi nikapewa darasa la Kiswahili. Wanafunzi kumi na moja. Bibi mmoja wa miaka 70 na kitu, mkwe wake ni Mtanzania, na mkwe anaongea na mtoto Kiswahili tupu. Bibi alisema amekuja kujifunza kwa sababu anataka kujua ndani ya nyumba yake anasemwa nini. Nilimpenda palepale. Alikuwepo kijana wa kompyuta aliyepanda Kilimanjaro mara moja akarudi anajiita Juma. Na wengine wa kawaida.

Wajerumani wanauliza kwa nini. Kwa kila kitu. Huku nyumbani mwanafunzi wangu akikosea namwambia siyo hivyo, sema hivi, anasema, maisha yanaendelea. Kule haitoshi. "Mwalimu, umesema mtoto wangu, mwalimu wangu. Rafiki naye si mtu? Kwa nini rafiki yangu?" Wamenyanyua kalamu, wananitazama. Nikawaambia tuandike ubaoni. Baba yangu, mama yangu, dada zangu, rafiki zangu. Majina ya ndugu na watu wa karibu yasiyoanza na ile m- ya mtu, umiliki wake unafuata i-zi, lakini sifa inabaki ya mtu: rafiki mzuri, si rafiki nzuri. Yule bibi akasema basi Kiswahili kinawaweka ndugu karibu na vyombo vya nyumbani, ngazi yangu, nguo yangu, mama yangu. Darasa zima likacheka, na mimi mpaka leo nikifundisha hiyo mada natumia mfano wake.

Saa zilikuwa vita nyingine. Nikisema darasa linaanza saa kumi na mbili jioni, wao wanaandika 12 na kuniuliza kama kutakuwa na chakula cha mchana. Nikawaambia siku yetu inaanza jua likichomoza, si watu wakiwa wamelala. Yule Juma akasema hiyo ina mantiki kuliko ya kwao. Nikamwongezea alama, sikatai.

Sasa niwaambie la moyoni. Mwezi wa Desemba Watanzania wa pale walifanya sherehe, pilau, muziki, watoto wanakimbia, raha. Nikamsalimia mama mmoja mtu mzima, shikamoo mama, akaitika vizuri, akaniuliza kwetu wapi na nafanya nini. Nikasema Dodoma, nafundisha Kiswahili. Alikuwa mtu wa Pwani, sitaji wapi. Akageukia meza nzima: "Haya, Wagogo nao wanafundisha Kiswahili! Si wangebaki kuomba tu pale taa za barabarani?" Meza ikacheka. Mnaujua huo utani, kila Mgogo aliyewahi kukanyaga Dar anaujua. Nilimjibu, "Mama, utani wako umefika salama, na mizigo yake," nikachukua sahani yangu nikahamia meza ya vijana. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa sababu ni kweli Kiswahili sikuzaliwa nacho. Kwetu tulikuwa tunaongea Kigogo mpaka nilipoingia darasa la kwanza. Mtu akiingia nyumbani ni mbukwenyi, si hodi. Nilijifunza kusema "naomba ruhusa kwenda chooni" kabla sijajua kila neno lina maana gani, nilijua tu ukiyasema yote kwa mpangilio unaruhusiwa kutoka. Na hapo ndipo ninaposema, kwa kujivuna kidogo, kwamba ninafaa kuliko wengi. Mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili anaona kila kitu ni wazi. Mimi nakumbuka nilipojikwaa. Mwanafunzi akikwama kwenye "alichokuwa anakitafuta" najua amekwama kiungo gani, maana na mimi nilikwama hapohapo, kwenye dawati la watu wanne. Mama yule alikuwa anaongea kitamu ajabu, sibishi. Ila wajukuu wake wawili walikuwa kwenye darasa langu la Jumamosi.

Kwenye hilo darasa la Jumamosi alikuwepo binti wa miaka 16. Mama yake Mjerumani, baba yake mtu wa Singida, dereva wa lori. Baba hakumfundisha Kiswahili hata neno, alikuwa anasema hakina kazi Ulaya. Binti alikuja mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu, kuongea na bibi yake mzaa baba, ambaye hajawahi kumwona. Alikuwa mkali huyo mtoto, usipime. Miezi mitano akawa anatunga sentensi zake mwenyewe. Tukapanga siku ya kupiga. Akaandika kila kitu kwenye daftari, hadi sehemu ya kuuliza habari za mbuzi.

Tukapiga kwa video ya WhatsApp. Kijijini simu kashika mjukuu mwingine, mtandao unakata, mara tunaona paa, mara tunaona kuku. Hatimaye uso wa bibi. Binti akasema, "Shikamoo bibi. Mimi ni mjukuu wako." Bibi akanyamaza. Halafu akaanza kuongea, na hakusimama. Binti akanigeukia. Mimi nikatega sikio. Wadau, kilikuwa Kinyaturu kitupu. Kigogo changu hakikunisaidia kitu.

Binti akaniuliza taratibu, kwa Kijerumani: "Kwa hiyo nimejifunza lugha ambayo siyo?"

Nimefundisha watu wengi sasa, sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Hatuwaambii wageni haya mambo. Tarehe 7 Julai kila mwaka tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO wakaitambua mwaka 2021, tunavaa vitenge, tunasema Kiswahili kimetuunganisha, na ni kweli kimetuunganisha. Lakini kikongwe wa kijijini Singida akipata mshtuko wa furaha hatoi lugha ya taifa, anatoa ya kwake.

Yule mvulana aliyeshika simu ndiye aliyetuokoa. Akawa anageuza Kinyaturu kwenda Kiswahili, binti anashika kama nusu, iliyobaki namgeuzia mimi kwenda Kijerumani. Maneno yanapita kwenye mikono mitatu kama ndoo za maji. Katikati ya hayo baba yake akaingia, alikuja kumchukua, na funguo za gari mkononi. Akasikia sauti ya mama yake. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaja akakaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, akaanza kutafsiri yeye. Bibi alikuwa anasema mtoto ana paji la uso la marehemu babu yake, na kwamba wamletee. Wiki iliyofuata baba hakumshusha mtoto na kuondoka kama kawaida yake. Alikaa nyuma, kimya, mpaka mwisho wa kipindi.

Haya, umbea niliowaahidi. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alikuja kufanya shoo ya Watanzania kule. Tangazo lilisema saa nne usiku, akapanda jukwaani saa nane na nusu, hayo tumeyazoea. Mimi nilikuwa nimekwenda na wanafunzi wangu watano, pamoja na yule bibi wa miaka 70, amevaa khanga, amekunywa kahawa tatu asilale. Baada ya shoo tukapata nafasi ya kupiga naye picha. Bibi alikuwa amejiandaa wiki nzima. Akamwambia, kwa Kiswahili safi, "Hongera kwa kazi nzuri, mwanangu. Pole na safari." Staa wetu akamjibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kinachechemea. Bibi akarudia kwa Kiswahili. Staa akajibu tena kwa Kiingereza. Kwenye treni bibi akaniuliza kama lafudhi yake ndiyo mbaya. Nikamwambia lafudhi yako ni nzuri, mwenzio alikuwa amechoka. Kaka, kama unasoma hapa, unajijua.

Bibi huyohuyo ndiye aliyenipeleka Brunnenstraße. Nyumba namba 193, chini kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna kijiwe kidogo cha shaba. Wajerumani wanakiita Stolperstein, jiwe la kujikwaa, wanaweka mbele ya nyumba za watu waliouawa na Wanazi. Hiki kimewekwa 2007 kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye wengi wanamjua kama Bayume Mohamed Husen. Mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904. Vita ya kwanza ya dunia alikuwa askari wa Wajerumani akiwa mtoto kabisa, pamoja na baba yake. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Wakamnyima. Akabaki. Akawa mhudumu wa baa, akaigiza vipande vidogo vidogo kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alionekana kwenye filamu ya kumsifu Karl Peters, mwaka huohuo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alikufa kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Nilisimama pale nikasoma mara tatu. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, Berlin, mtaa ambao nilikuwa napita kila wiki.

Na hakuwa wa kwanza. Kabla yake alikuwepo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili wale waliokuwa wanajiandaa kuja kututawala. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka 1903, kazi kubwa mle ni ya kwake. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 akajaribu kurudi nyumbani na mkewe, watawala wa koloni wakakataa mzungu yule aishi kama mke wa Mwafrika huku. Wakageuza. Akafia Berlin 1927. Mmoja alikwenda kudai haki yake hakurudi, mwingine alitaka kurudi akazuiwa. Niliyafikiria sana hayo nikiwa na tiketi yangu ya kurudi mkononi, imelipiwa.

Maana presha ya kubaki ilikuwepo, nisiwadanganye. Simu kutoka nyumbani zilikuwa zinasema "zamia". Mjomba mmoja alisema nikirudi nimeleta mkosi kwenye ukoo. Na kwenye kundi letu dada mmoja alizamia kweli, wiki mbili kabla ya ndege. Simlaumu, hata kidogo, najua kilichokuwa kinamsubiri nyumbani kwao na hapa si mahali pake. Ila mara ya mwisho kuongea naye alikuwa hawezi kwenda hospitali kutibiwa jino bila kuogopa. Alikuwa ananiuliza mimi, niliyeko Nkuhungu, dawa ya jino.

Mimi nilitaka kuweza kurudi tena kule kwa mlango wa mbele. Nilitaka pia kumwona mama, ambaye alikuwa ananiambia kila kitu kiko sawa kwa sauti ya mtu ambaye hakuna kilicho sawa. Na nilichoka kuwa mfano. Kule kila ukifungua mdomo wewe ni Afrika. Nilikuwa na hamu ya kukaa mahali ambapo mimi ni mtoto wa mama fulani tu.

Niliondoka Dodoma kwa basi, nikarudi kwa treni mpya ya SGR iliyokuwa imeanza miezi hiyohiyo. Ndani ya saa nne nimefika, nimekula mlenda jioni yake. Mama alikuwa amepungua sana. Nashukuru nilirudi muda ule, na niishie hapo.

Kwa wanaouliza hela: sikurudi nazo. Nilirudi na wanafunzi. Sita ninawafundisha kwa mtandao mpaka sasa, euro 8 kwa saa, usiku, umeme ukiwepo na bando likiwepo. Umeme ukikata natumia simu na taa ya sola, wanaona nusu ya uso wangu, tunaendelea. Nafasi nyingi za maana za kufundisha Kiswahili nje zinataka digrii, kwa hiyo nimeanza kuweka hela kidogo kidogo nisome, na BAKITA nao wana mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, hayo nayafukuzia kwanza.

Yule binti wa Singida anakuja Desemba na baba yake. Watashuka Dodoma kwa treni, halafu tutapanda basi pamoja, wamesema lazima niwepo. Safari hii sitaki kushikwa ugoni. Nimeshatafuta mtu wa kunifundisha Kinyaturu, mama mmoja anauza vitunguu pale Majengo. Nimemweleza shida yangu yote, kasikiliza kwa makini, kanihurumia sana, halafu kaniambia ni elfu tano kwa saa.